Hatua Arobaini Kabla ya Mkaratusi

Mimi ni mpima ardhi. Nimetembea mashamba ya watu tangu nikiwa na nywele nyingi, na hatua yangu naijua kama ninavyoijua sahihi yangu: sentimita themanini na mbili, iwe kiangazi au masika. Kwa hiyo nikisema kwamba kwa miaka kumi na tisa mpira wangu wa gofu ulianguka hatua arobaini nyuma ya mpira wa baba mkwe wangu, siongezi chumvi. Nilizipima. Nilizipima nikiwa na hasira, na hasira ndiyo kitu pekee kinachorefusha hatua yangu, kwa hiyo huenda zilikuwa arobaini na mbili.

Baba mkwe anaishi Mutuini, Dagoretti, pembeni mwa Nairobi, kwenye shamba dogo la urithi, ng'ombe watatu upande mmoja na nyumba za kupangisha upande wa pili. Alikuwa meneja wa benki, na benki ndiyo iliyomfundisha gofu, maana enzi zile meneja asiyejua gofu alionekana kama hajamaliza masomo. Mimi nimetoka magharibi ya nchi, ambako baba wa mke ni mtu wa kuheshimiwa hadi kuogopwa. Kwetu mwanamume hampiti mkwe wake njiani, haketi kabla yeye hajaketi, na akimwona anakuja upande huu, yeye hukumbuka shughuli upande ule. Nilipooa nilijiandaa kumkwepa mzee huyo hadi kufa kwangu. Yeye hakuwa na habari. Wiki tatu baada ya harusi alinipigia simu.

"Mgeni, umewahi shika fimbo ya gofu?"

Mgeni. Ndivyo alivyoniita siku nilipopelekwa kujitambulisha, na hakubadilisha. Mgeni amefika, mpeeni kiti. Mgeni asishike hiyo birika, itamchoma. Shemeji zangu wawili walikuwa wakitumwa kabla hata hawajafunga geti: wewe kamshike ndama, wewe kaangalie kama tangi limejaa. Mimi nilikalishwa kwenye kochi la vitambaa vya kufuma, nikaletewa chai, nikatazama picha za ukutani ambazo sasa naweza kuzichora nikiwa nimefumba macho. Mke wangu aliniambia nishukuru Mungu. Sikushukuru. Boma ambalo hutumwi si boma lako. Watoto wangu walikuwa wajukuu wa nyumba ile, mbwa alikuwa mbwa wa nyumba ile, na mimi, mwaka baada ya mwaka, nilikuwa mgeni. Liliniuma jambo hilo, kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Basi tulicheza gofu kila Jumamosi asubuhi. Shimo la saba kwenye kiwanja chetu huanzia juu ya kilima, mpira unavuka kijito, kisha uwanja unapanda hadi kwenye mkaratusi mmoja mkubwa upande wa kushoto. Mpira wa mzee ulikuwa ukitua usawa wa mkaratusi kama mtu aliyetumiwa mwaliko. Wangu ulivuka kijito kwa kubahatisha na kulala pale nyuma. Na gofu ina sheria moja inayodhalilisha: aliye mbali zaidi na shimo ndiye anayepiga kwanza, na aliye mbele anamngoja. Kwa hiyo kila Jumamosi nilipiga kwanza huku mzee akiningoja kule mbele, ameegemea fimbo, anapiga mluzi wa wimbo wa kanisani.

Mwaka ule wa kwanza nilijikaza nikamuuliza, macho chini, "Baba, utaniita mgeni mpaka lini?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Mpaka unipite hapa kwa hii ya saba. Siku mpira yako italala mbele ya yangu, tutaongea."

Alisema kwa mzaha, najua. Lakini mimi niliyabeba maneno hayo kwa miaka kumi na tisa.

Mwaka jana goti lake la kulia lilianza kumsumbua. Daktari akasema lifanyiwe upasuaji baada ya Krismasi, na kuhusu gofu akasema tutaona. Mzee alitusimulia akicheka. Mimi sikucheka. Nilihesabu Jumamosi zilizobaki na nikaogopa kwamba nitabaki mgeni kwa sababu ya goti.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta nguvu. Nilijiunga na jimu karibu na ofisi, katikati ya jiji, nikanyanyua vyuma saa ya chakula cha mchana na vijana walioniita "mzae", yaani mzee, na kunipisha kwa huruma. Baada ya mwezi mashati yalinibana mabegani na mpira ukapungua hatua sita. Nikanunua draiva mpya, ile fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza, nikamficha mke wangu bei. Nilirudisha zile hatua sita, basi.

Ndipo nikaenda kwa mwalimu. Ni mama mmoja wa Waithaka, aliyebeba mikoba ya wachezaji miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha. Hata sasa Jumamosi humbebea baba mkwe mkoba wake, kwa sababu anasema yule mzee humchekesha. Nilimwapisha asiseme neno. Jioni ya kwanza, kwenye uwanja wa mazoezi, aliniacha nipige mipira kumi.

"Injinia," akasema mwishowe, maana Nairobi kila mpima ardhi ni injinia, "hii mpira ilikukosea nini?"

"Mwalimu, nataka iende mbali."

"Haiwezi enda. Unaipiga ni kama unataka ikae hapo."

Aliniuliza kazini huwa nafanya nini kwa mikono, nikamweleza kuhusu vigingi vya mipaka, jinsi unavyopigilia kigingi kwa nyundo kutoka juu, kwa uzito wako wote, kiingie na kisitoke. Akaelekeza kidole kwenye mashimo niliyoyachimba nyasini. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikipigilia mipira ya gofu ardhini, nikishangaa kwa nini haitembei.

Akanigeuzia fimbo, nishike upande wa kichwa, nipige hewa tupu kwa ule upande mwembamba.

"Sikiza sauti. Iko wapi?"

Niliisikia: wuu, nyuma ya bega langu la kulia.

"Hapo ndio unamalizia nguvu yako yote, na mpira hata haijakuona. Mimi nataka hiyo wuu nisikie huku mbele, mpira ikishaenda. Legeza mkono. Zungusha kiuno. Kiuno yako imelala, iamshe."

Akapandisha kijiti cha kuwekea mpira kidole kimoja zaidi, akausogeza usawa wa mguu wangu wa kushoto, akaniambia nimalize kila pigo tumbo likitazama ninakotaka mpira uende. "Na usikunje uso. Uso haipigi mpira."

Kwa hiyo nilianza kuitafuta wuu. Ofisi yetu iko ghorofa ya tisa na ina korido ndefu. Saa saba mchana, wenzangu wakiwa wameenda kula, nilichukua mti wa ufagio na kupiga hewa. Askari wa jengo, mkaaji wa Dagoretti kama mimi, alipanda kuangalia ni nini kinachovuma. Akanikuta nimelegeza tai, natokwa na jasho, nimeshika mti wa ufagio kwa mikono miwili.

"Sasa, mkubwa. Kuna nyoka?"

Nilimweleza. Baada ya hapo alikuja karibu kila siku, akasimama mwisho wa korido akiwa hakimu. "Hiyo ni ya nyuma," alikuwa akisema. "Hiyo pia ya nyuma." Ilichukua wiki tano. Siku moja nilikuwa nimechoka, mikono imelegea yenyewe, sifikirii kitu ila chai, na wuu ikasikika mbele, safi, karibu na mguu wa kushoto. Askari akapiga makofi. Nami nilifurahi kama mtoto aliyeendesha baiskeli bila kushikwa.

Mwezi wa Novemba, kwenye uwanja wa mazoezi, mipira yangu ilikuwa ikienda hatua hamsini mbele ya ilikokuwa ikianguka. Niliirudia mara tatu nikizipima, mwalimu akinipigia kelele nitoke kabla sijapigwa na mpira kichwani. Jumamosi nikicheza na mzee niliendelea kupiga ule mtindo wa kigingi, nikihifadhi siri. Nilitaka siku moja tu, shimo moja tu.

Niliichagua Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Mzee alifika na bandeji ya goti juu ya suruali, kama soksi iliyopotea njia. Mwalimu alibeba mkoba wake, akaniangalia mara moja, akaangalia pembeni. Tulifika shimo la saba kukiwa na jua zuri na upepo kidogo. Mzee akapiga. Mpira ulivuka kijito, ukapanda, ukatua kabla ya mkaratusi, labda hatua kumi kabla. Ulikuwa mpira mfupi kwake. Alisimama akiutazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Zamu yangu. Nilisimama, nikalegeza mikono. Kisha nikaliangalia lile goti na bandeji yake, na mafunzo yote ya kwetu yakanirudia. Humpiti mkwe wako. Humpiti mkwe wako akiwa mzima, sembuse akichechemea. Niliinua fimbo nikijua ninachofanya, nikabana mikono, nikapiga kigingi. Mpira ukalala palepale ulipozoea kulala.

"Pole," nikasema.

Mzee hakutembea. Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwona amekasirika.

"Hiyo ni nini?"

"Ni mpira, Baba."

"Naona ni mpira. Nauliza, hiyo ni nini umenipigia?" Akaichomeka fimbo yake kwenye nyasi. "Miezi mingapi unapiga hewa na fagio huko kwa ofisi? Unadhani sijui? Huyo askari wenu ni mpangaji wangu. Analeta kodi, analeta na habari."

Nilimtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa akiyachunguza mawingu.

"Baba, kwetu mtu hawezi..."

"Kwenu ni kwenu. Hapa ni hii ya saba. Mimi nimengoja miaka kumi na tisa, na goti ndio hii, halafu wewe unanihurumia? Goti ndio mgonjwa, mimi si mgonjwa. Mtu ananificha nguvu yake, huyo ndio mgeni kabisa. Weka ingine."

Niliweka mpira wa pili kwenye kijiti. Hasira yake ilikuwa imeniondolea kitu kizito, sijui nikieleze vipi. Alikuwa akingoja. Miaka yote hiyo nilidhani ananidhihaki na mluzi wake, kumbe alikuwa akiningoja nifike. Nililegeza mikono, nikazungusha kiuno, na wuu ikaja mbele, pale inapotakiwa. Sikuuona mpira mpaka ulipokuwa juu ya kijito, mdogo, bado unapanda. Ulitua mbele ya mkaratusi, ukadunda, ukaviringika, ukaendelea kuviringika.

"Wueeh!" akasema mwalimu, aliyekuwa ameapa kutosema neno.

Mzee alichomoa fimbo yake, akaanza kuteremka polepole, mguu kwa mguu. Tulivuka daraja. Alipofika kwenye mpira wake alisimama, mimi nikaendelea, maana ndiyo sheria, na nilipita mbele ya baba wa mke wangu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Hatua ishirini na nane. Nilipofika kwenye mpira wangu niligeuka, nikamngoja.

Ukiwa mbele unaona mengi. Niliona mabega yake yamepungua ndani ya sweta. Niliona anavyolaza uzito kwenye mguu wa kushoto ili goti lisijue. Niliona jinsi anavyopiga vizuri bado, mzee yule, bila kukunja uso. Nilimpenda sana wakati ule, na nilitaka kupiga mluzi lakini midomo ilinikataa.

Hakusema lolote kuhusu lile jina. Tulimaliza mashimo yote akizungumza juu ya bei ya lishe ya ng'ombe. Kwenye gari alizungumza juu ya lishe. Nilianza kufikiri kwamba amesahau, au kwamba yalikuwa maneno ya mzaha kweli, na kwamba mwanamume wa miaka hamsini na moja anayeishi kwa kungoja jina ana kasoro. Tulifika Mutuini. Mke wangu na mama yake walikuwa jikoni, shemeji yangu mkubwa alikuwa anashusha magunia. Mimi nikaingia sebuleni nikaketi kwenye kochi la vitambaa, mahali pangu, nikangoja chai.

Mzee alitokea mlangoni, fimbo ya gofu mkononi akiifanya mkongojo.

"Wewe," akasema.

Niligeuka nyuma kuona anayeitwa ni nani.

"Ni wewe. Kwani umekuja kukaa? Ng'ombe hazijakunywa maji."

Mke wangu alitoa kichwa jikoni, akanitazama nikiruka kutoka kwenye kochi na viatu vyangu vyeupe vya gofu, na akacheka hadi akashika ukuta. Kutoka kwenye tangi hadi kwenye hori ni hatua thelathini na sita. Nilizipima nikienda na ndoo mbili, na maji yakinimwagikia suruali, safari tano. Shemeji alipokuja kunipokea, nilimwambia aende akakae.