YWT 318, Gari la Mkunga

Nora Sugden hakutaka namba nyingine yoyote. Gari lenyewe alishalipata, Morris ya kijani ya mwaka 1957, limelala bandani kwa mfugaji kondoo, vilimani juu ya mji wa Keighley, Uingereza, kuku wametagia kiti cha nyuma, vibao vya namba havipo. Lilikuwa la mama yake, mkunga wa bonde letu. Hata mimi ninayewasimulia nilizaliwa likiwa limesimama mlangoni kwetu. YWT 318. Ukiiona namba hiyo inakata kona, unajua kuna mwanamke ameshikwa na uchungu.

Kasoro ni kwamba namba ilishafutika. Kumbukumbu zilipohamishiwa kwenye kompyuta, gari lilikuwa bandani na hakuna aliyeliandikisha. Ili irudi, inatakiwa karatasi ya zamani yenye namba hiyo pamoja na namba ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye fremu ya gari. Ukiikosa, unapewa namba nyingine ya rika lile, isiyojulikana na yeyote bondeni.

Nora akampelekea picha Clifford Tempest, mkaguzi wa chama cha magari ya zamani anayethibitisha maombi hayo, ambaye pia hugonga vibao vya namba kwenye kibanda chake. Mama yake kasimama kando ya gari, mkoba mkononi, namba inasomeka vizuri kabisa. Clifford akaisifu picha, kisha akasema kibao hushikwa na skrubu mbili tu. Mtu angeweza kukifunga hata kwenye toroli. Alitaka kadi ya gari.

"Nigongee kibao tu, Cliff. Nitakitundika ukutani."

"Ukuta wako una magurudumu mangapi?"

Nyumba nzima Nora alishaipekua. Clifford akamuuliza kabati la vyombo la marehemu liko wapi, maana mama zetu hawakutupa karatasi ngumu, walizitandika kwenye droo. Kabati lilikuwa kwa wifi yake Enid, na hawajasalimiana tangu mazishini, kwa sababu ya kabati hilohilo.

Alikwenda na keki ya tangawizi.

"Umekuja kulichukua?" Enid akauliza, mkono kwenye kitasa.

"Nimekuja kutazama chini ya vijiko."

Wakatoa vijiko, wakatoa uma, gazeti, karatasi ya ukutani yenye maua. Chini kabisa, imekunjuliwa na kupigwa pini pembe nne: kadi ya kijani. Ina doa la chai, lakini namba zote mbili zinasomeka. Nora akaketi sakafuni.

"Kila Krismasi nasema nitabadilisha matandiko ya droo," Enid akasema. "Uvivu wangu umekufaa, wifi."

Wiki sita baadaye barua ya kukubaliwa ikafika. Clifford akaandaa bati jeusi, herufi za rangi ya fedha, mtindo unaoruhusiwa kwa magari yaliyoundwa kabla ya 1980 tu. Aligonga herufi na tarakimu moja moja kwa mashine ya mkono, na ile nane ya mwisho akamwachia Nora avute wenzo. Aliuvuta kwa uzito wake wote.

Jumapili, gari likiwa limeshatengenezwa, akashuka nalo bondeni kumfuata Enid. Kabla hajazima injini, bibi Ackroyd wa jirani, miaka tisini na mbili, ameshatoka na ndala zake, macho kwenye kibao.

"Nani anajifungua?"

"Mimi," akajibu Enid, wa miaka sabini na nne, akifungua mlango wa gari. "Haya, Nora, kanyaga mafuta."