Saa Kumi na Moja Kutoka Guangzhou

Admin, jina langu lifiche, Kyela ni ndogo. Nina miaka hamsini na mbili, mke mmoja, watoto wanne, shamba la kakao Talatala na kitambi ambacho hata mimi sijui kimetoka wapi. Nimepanda ndege mara moja tu maishani, Songwe mpaka Dar. Tangu hapo ukoo mzima unaniita Rubani.

Mama yetu alifariki Jumatatu. Tumezaliwa wawili, mimi na mdogo wangu aliyeko Guangzhou, China. Akanipigia: "Kaka, kesho jioni napanda ndege. Msizike bila mimi." Watu wakanigeukia. Rubani, ni mwendo wa muda gani? Nikauliza simu, ikasema kilomita karibu elfu tisa, saa kumi na moja angani. Nikasimama mbele ya waombolezaji kama mtaalamu: "Alfajiri yuko Dar, asubuhi Songwe, saa sita yuko hapa. Jumatano saa nane tunazika." Sikujua kwamba simu inahesabu kuruka tu. Kukaa nchi ya katikati ukingoja ndege nyingine haihesabu.

Jumatano asubuhi vijana wakachimba kaburi. Kwetu mvua zikikolea, ukichimba unakutana na maji. Saa nane mdogo wangu hayupo, simu haipatikani. Saa kumi vijana bado wanachota maji kwa ndoo, na upande mmoja wa kaburi umeanza kumeguka. Mjomba, kaka yake mama, akanifuata. "Rubani, ndege yako iko wapi?" Hakuwa anatania. "Wewe ndiye mkubwa. Sema."

Nikasema tuzike.

Jeneza linashuka, simu ikaita. Nikajitenga kwenye mikakao. "Kaka, ndiyo nimetua Dar. Ndege ya Songwe ni kesho asubuhi. Mnanisubiri?" Nyuma yangu wanaimba, nimeikinga simu kwa kiganja. Nikamjibu, "Tunakusubiri, mdogo wangu. Njoo taratibu."

Alhamisi akakuta tuta la udongo mbichi. Akauliza nani aliamua. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyake vyeupe, vimejaa tope. Mjomba akanitazama kidogo, akasema, "Ni sisi wazee, mwanangu."

Tangu siku hiyo mdogo wangu hamsalimii mjomba, na chakula kikitoka kwake hagusi. Mimi ananiambia, "Kaka, najua wewe uliwaambia wasubiri, wakakuzidi nguvu." Naitikia, nanawa, nakula. Sijalia mpaka leo. Nipo kama mguu uliokaliwa muda mrefu: ni wangu, ila siusikii.

Jumamosi anarudi China. Nitampeleka Songwe mwenyewe, wawili tu ndani ya gari, tukipandisha Tukuyu. Nikisema, ataondoka hana mama wala kaka. Nikinyamaza, mjomba ana miaka zaidi ya themanini, sidhani kama atakuwa hai mdogo wangu akija tena. Jana mjomba kaniuliza, "Rubani, hivi hiyo Jumamosi atapita kuniaga?" Nikamwambia atapita.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nichekeni au nitukaneni, lakini mnishauri kabla ya Jumamosi. Nifanye nini?