Chumvi ya Samaki wa Moraa

Cheka ukitaka. Mume wangu naye alicheka siku ile, kisha akanyamaza mpaka leo. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, saa nane mchana, nyumbani kwetu Nyanchwa. Ndiyo, mchana. Nani alikwambia mambo haya hungoja giza?

Tena mimi ni Msabato. Tumefundishwa kwamba wafu wamelala na hawajui lolote, na ninaamini hivyo hadi sasa. Angenisimulia mtu mwingine kisa hiki, ningemwombea.

Nilikuwa na miezi minne tangu niolewe na mwalimu aliyefiwa na mkewe. Alikuwa na binti mmoja, Moraa, wa miaka tisa. Niliingia nyumba ile kwa pupa. Wiki ya kwanza nikabadilisha mapazia, nikamsuka mtoto upya, nikampikia kila alichowahi kutaja, nikamwambia aniite mama. Moraa aliniita "wewe". Hakuwa mkosefu wa adabu. Alikula, akasema asante, akaingia chumbani kwake kukaa na samaki wake.

Samaki hao walikuwa saba, weusi ti, wadogo kama kidole gumba, wa aina inayoitwa moli. Marehemu mama yake ndiye aliyemnunulia, pamoja na tangi la kioo na sanamu ndogo ya kiboko, ya jiwe laini linalochongwa Tabaka, ya kuweka ndani. Mtu mwingine hakuruhusiwa kuwagusa.

Basi wakaanza kuugua. Walikunja mapezi, wakawa wanatikisika papo hapo bila kwenda popote. Nikauliza kwa simu, katika kundi la wafugaji wa samaki wa mapambo. Mmoja akanieleza kwamba maji ya mvua tunayokinga huku milimani ni mepesi mno, hayana madini. Moli ni samaki wa maji yasiyo na chumvi, akasema, lakini hustawi hata kwenye maji ya chumvichumvi, kama pale mto unapoingia baharini. Niongeze chumvi. Nikaona hapo hapo ndipo nitakapompata Moraa! Atarudi kutoka shule awakute wanacheza, ajue aliyewaponya ni nani.

Sasa sikia ujinga wangu. Mimi ni wa Gesima, nimekua kati ya majani chai na ng'ombe. Ng'ombe kwetu hapimiwi chumvi. Unaimwaga kwenye hori, kila mmoja analamba anachotaka, anaondoka. Nami nikafanya vivyo hivyo. Nilimwaga pakiti nzima ya chumvi ya jikoni ndani ya tangi, nikakoroga kwa mwiko, nikaenda kuosha vyombo huku nikiimba.

Niliporudi kuchungulia, wawili walikuwa wamelala ubavu juu ya maji. Wanne walikuwa wakihema kwa shida. Mmoja sikumwona kabisa. Moraa angefika saa kumi. Nilijua wakifa wote nimempoteza mtoto yule kabla sijampata, na nilijua pia kwamba angekuwa na haki. Nikakaa jikoni nikalia, sikufichi.

Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati. Ndipo nikasikia mtu akikohoa mlangoni.

Alikuwa mzee mrefu, koti la kijivu, kofia mkononi. Alisimama nje ya kizingiti, mvua ikimpiga mabegani.

"Tata, ingia, utalowa!" nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita baba.

Akatikisa kichwa. Nikanyoosha mkono nimsalimu, naye akaficha wake nyuma ya mgongo. Nikamwekea kiti sebuleni, karibu kabisa na mlango. Hakukitazama.

"Mokamwana," akasema kwa Ekegusii. Hilo ndilo neno ambalo wazee wetu humwitia mke wa mwana. "Umewapa samaki chumvi kama ng'ombe."

Nikafuta machozi.

"Ng'ombe hulamba akaondoka. Samaki ataondoka aende wapi?"

Kisha akanielekeza, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. "Toa nusu ya maji. Rudisha ya mvua, kikombe kimoja kimoja, usikimbie. Yule wa saba yuko nyuma ya kiboko, hajafa. Wakishatulia, uwape chumvi kijiko kimoja kwa wiki. Watakubali. Hata mimi maji ya chumvi yalinikubali, lakini si kwa siku moja."

Nikakimbilia chumbani. Niamini, wa saba alikuwa nyuma ya kiboko, anapumua. Wakati ule sikujiuliza mzee amemwonaje, ilhali kutoka mlangoni huoni hata mlango wa chumba cha Moraa. Nikafanya alivyosema. Nilipokumbuka kumpelekea chai, kibaraza kilikuwa kitupu.

Moraa alinikuta nimepiga magoti, mikono ya nguo imelowa, kikombe mkononi. Nikamwambia ukweli. "Niliwamwagia chumvi nyingi. Wawili wamekufa. Ni mimi niliyewaua." Alilia kimya kimya, nikatamani ardhi inimeze. Kisha akaenda jikoni, akarudi na kikombe chake, akapiga magoti kando yangu. Tulimimina mpaka giza likaingia.

Jioni nikamsimulia mume wangu. Akacheka. "Mzee gani huyo anakataa kuingia ndani mvua ya mawe ikimpiga?" Mara kicheko kikamkatika.

Kama wewe ni wa kwetu, umeshaelewa. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala hampi mkono mke wa mwanawe. Ni heshima, tunaiita chinsoni. Siku hizi wengine huketi sebuleni wakanywa chai, lakini wale wa zamani hata mbingu ianguke watasimama nje. Mume wangu akawapigia simu ndugu wawili wa baba yake, ambao nao huhesabiwa wakwe zangu, ndio pekee waliobaki. Mmoja alikuwa kitandani akiuguza mguu. Mwingine alishinda akichuma chai, na familia nzima ilikuwa naye. Baba yake mwenyewe alifariki kabla Moraa hajazaliwa. Alifanya kazi Pwani miaka mingi, akitunza mabwawa ya samaki kwenye bustani ya hoteli. Hilo nililisikia kwa mara ya kwanza usiku ule.

Mchungaji sijamwambia. Ila lile swali lilininyima usingizi. Samaki ataondoka aende wapi? Mapazia, misuko, na lile neno mama: nilikuwa nimemmwagia mtoto pakiti nzima, naye hakuwa na nyumba nyingine ya kukimbilia. Kesho yake nikarudisha mapazia ya mama yake. Nikaacha kudai jina.

Wale watano sasa wamezaana mpaka tunagawia majirani. Kila mvua ya mawe ikipiga, naweka kiti kibarazani na kikombe cha chai. Mume wangu hukizunguka akapita. Na mwezi uliopita, Jumapili, sauti ilitoka chumbani kwa Moraa: "Mama, chumvi iko wapi?" Nikampelekea kijiko kimoja.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza. Mtu akikataa kuingia kwako, usimvute mkono. Mtolee kiti nje, umsikilize. Na kabla hujamimina mema yako yote kwa mkupuo, mtazame unayemmiminia, ujiulize kama ana pa kwenda.