Pini Kwenye Kioo

Mume wangu alikuwa mwanachama wa klabu ya wanaume wanaotafuta matope. Siwasingizii, hiyo ndiyo shughuli yao. Mvua ikinyesha usiku kucha, wanawake wa Bwaise, mtaa wa bondeni, huamka na mabeseni kuchota maji machafu yaliyoingia hadi chini ya vitanda, na wanaume hawa hupita barabara hiyo hiyo asubuhi, vioo vimepandishwa, kwenda mbali nje ya mji kutafuta mahali pa kukwama. Wakirudi jioni hawaoshi magari. Matope lazima yakauke palepale, watu wayaone. Jumatatu mume wangu alikwenda nayo ofisini, ambako kazi yake ni kuwauzia watu bima ya ajali.

Gari lenyewe ni la Kijapani, la zamani, na lilifika kwetu likiwa na heshima zake. Akalinyanyua. Akaliwekea springi ndefu, magurudumu ya kufaa trekta, na bomba la kuvutia hewa lililopanda mpaka juu ya paa, ati gari likizama mtoni lisikose pumzi. Mto gani, hajaniambia mpaka leo. Sisi tunakaa chini ya kilima cha Lubaga, na maji makubwa kuliko yote tunayovuka ni ya mtaro ulio mbele ya duka la mkaa.

Marehemu baba yangu aliendesha lori la polisi muda wote wa utumishi wake, huko kaskazini, kwenye njia ambazo hata mbuzi walizikataa, na sikumwona hata siku moja amevaa kofia ya mwindaji kama hawa wa klabu. Baba wa mume wangu naye alikuwa polisi. Tulikulia kambi moja, ndiyo maana nyumbani hatusemi lugha ya mji huu bali Kiswahili, kile chetu cha kambini. Sijui mtoto wa polisi aliuokota wapi upuuzi huu.

Kisha zikaja pini.

Itabidi niwaeleze, na mnisamehe, kwa sababu mimi mwenyewe nilielezwa wakati wa kula, wakati wa kulala, na mara moja kwenye matanga. Chini ya gari, mbele, kuna chuma kirefu kinachounganisha upande wa gurudumu la kushoto na wa kulia. Mafundi wanakiita stabilaiza. Kazi yake ni kulishika gari lisilale upande linapokata kona. Barabarani ni kitu cha kushukuru. Porini, wanasema watu hawa, kinawaudhi, maana gurudumu moja likipanda jiwe chuma hicho hulibana na la pili, na gari halitambai vizuri. Kwa hiyo wanaagiza vishikizo maalumu vyenye pini. Ukifika porini unachomoa pini, chuma kinaachia, kila gurudumu linakwenda kivyake. Kabla ya kurudi kwenye lami unazirudisha. Hayo tu. Hata mimi nimeelewa, na sina kofia.

Wangekuwa watu wa kurudisha pini, nisingekuwa na la kuandika. Lakini klabu ina desturi. Mtu akitoka porini hazirudishi mahali pake. Anazitundika kwenye kioo cha ndani, kile cha kutazamia nyuma, zining'inie na kugongana, ili wenzake wakiziona wajue kwamba huyu leo amefungua. Halafu wote wanakuja mjini hivyo hivyo, magari yakilala huku na huku kwenye kila kona, mpaka baa yao ya nyama. Hapo kila mmoja hupandisha gurudumu moja juu ya ukingo wa mtaro na kupigwa picha. Gurudumu moja juu, matatu chini, mwenye gari kidevu juu. Kwa picha hiyo wanaume wazima, wenye watoto sekondari, hupongezana kwenye simu wiki nzima. Kitu kilichotengenezwa ili gari lisianguke wamekigeuza hereni.

Nilikuwa nacheka tu. Mke anayecheka ana amani yake.

Kisha mama yangu akateleza jikoni kwake akavunjika nyonga. Alilazwa hospitali ya Mulago, na madaktari wakasema dawa ni kuwekewa nyonga ya chuma. Mama aliogopa kisu. Ni mjane wa polisi, ameona mengi, lakini kisu alikiogopa waziwazi. Aliukubali upasuaji kwa sababu moja, akaitamka mbele ya daktari bila aibu.

"Mi nataka kupiga magoti," alisema. "Kule Lubaga, kanisani. Kukaa kwa kiti kama mgeni, hapana."

Daktari akamwambia atapiga, ikiwa nyonga itapona bila kusumbuliwa. Mama akatia kidole gumba chake kwenye karatasi ingawa anajua kuandika. Kalamu ilimshinda siku hiyo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya kuruhusiwa, nesi mmoja mnene, mwenye sauti ya mtu asiyependa kurudia, alitusimamisha mlangoni mimi na mume wangu.

"Huyu mama hapana kukunja sana huo mguu," alisema. "Na hapana kurushwa-rushwa. Hiyo kitu ikitoka mahali yake mapema hivi, mara ya pili haishikagi kama ya kwanza. Mumesikia?"

"Tumesikia, sista," akajibu mume wangu, kofia kichwani.

Mimi nilikuwa nimeshapanga gari dogo la kukodi, spesho kama tunavyoita hapa, la jirani yetu mmoja mpole, gari ambalo mtu anaingia kwa kugeuza makalio tu. Mume wangu aliposikia alivimba. "Mimi niko na gari, alafu mama aende na spesho? Watu watasema nini?" Watu hao sijawahi kuonyeshwa. Nadhani wote walikuwa na kofia.

Ilikuwa Jumamosi, na alikuwa amekuja hospitalini moja kwa moja kutoka kwa wenzake, milango imetapakaa matope. Gari likasimama mbele ya mama yangu na tatizo likaonekana hapo hapo: kiti kilikuwa juu kuliko kifua chake. Mtu mwenye nyonga mpya, asiyetakiwa kukunja mguu, alipande vipi dude lile? Mume wangu akakimbia kwenye kibanda akarudi na kreti ya soda. Kwetu mkwe hamshiki mama mkwe ovyo, kwa hiyo yeye akashika kreti, mimi na nesi tukambeba mama. Aliguna mara moja tu. Tukamketisha nyuma, mto katikati ya mapaja kama tulivyoelekezwa, nami nikakaa ubavuni pake.

Mama akatulia, akavuta pumzi, akatazama mbele. Pini zilikuwa zinacheza kwenye kioo.

"Hiyo ni rosari ya dini gani?" akauliza.

Mume wangu alicheka kwa furaha kabisa. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali tamu kama hilo. "Hapana, mama. Hiyo ni pini ya stabilaiza. Nimefungua asubuhi, tulikuwa tunapiga picha."

"Si zinakaa chini ya gari hizo?" nikamuuliza.

"Zinakaa. Lakini hapa ni karibu, na naenda polepole."

"Zifunge kwanza."

"Hapa? Nilale chini na hii shati?" Shati lilikuwa na nembo ya klabu kifuani. "We leo unanifundisha gari?"

Mtu aliyetoka kulala kwenye tope ili afungue, aliona haya kulala kwenye lami kavu ili afunge. Nikasema basi tumteremshe mama tuite spesho. Mama akafumba macho, akasema amechoka kubebwa, twende tu.

Akashika baipasi, ati kukwepa jamu ya mjini. Nitasema ukweli: mpaka tulipokaribia Bwaise alikwenda polepole. Hata hivyo gari lilikuwa linayumba kwenye kila mzunguko, na mama alikuwa ameshika kwa nguvu kiti cha mbele. Nikaanza kuamini kwamba tutafika.

Hapo ndipo mwenyekiti wa klabu alipotupita. Nilimjua kwa matope na kwa kofia. Akapiga honi, akatoa mkono dirishani, akaondoka kwa kasi, pini zake nazo zinarukaruka kwenye kioo. Klabu ina sheria nyingine, ya kipumbavu kuliko ile ya kwanza: mwanachama akikupita sharti umfuate, la sivyo utachekwa kwenye simu. Nikaona bega la mume wangu likibadilika kabla mguu wake haujakanyaga.

"Polepole, baba," mama akamwambia.

"Ndiyo, mama," akajibu, na akakanyaga.

Bodaboda mwenye godoro mgongoni akajitokeza kutoka pembeni. Mume wangu akakata usukani kushoto, kisha kulia. Gari lenye chuma chake lingeinama likarudi. Letu lililala upande mmoja kama linataka kupumzika, halafu likajitupa upande wa pili, na mama yangu akaenda nalo. Nilimshika nguo, nguo ikabaki mkononi mwangu, yeye akagonga mlango kwa nyonga ile ile. Bodaboda akaenda zake salama na godoro lake. Gari halikupinduka, na hilo watu wa klabu wanaliimba mpaka leo.

Mama hakupiga kelele. Alinishika mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Imetoka."

Nikatazama. Mguu ulikuwa mfupi kuliko mwenzake na vidole vimegeukia ndani.

Mume wangu alisimamisha gari, akashuka, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuchuchumaa kutazama chini ya magurudumu. Nilimchukia. Sitafuti neno la adabu. Kwa muda ule nilimchukia mpaka meno yakauma. Nikamwita kwa jina la kambini, lile ambalo mama yake humwita akiwa na hasira. Akaja dirishani, akaona mguu, na uso ukamsawijika.

"Rudisha pini," nikamwambia. "Sasa hivi."

Akazitoa kwenye kioo. Akalala chali kandokando ya baipasi, malori yakimpita karibu na miguu, shati la klabu likifagia oili na vumbi, akazirudisha. Haikuchukua muda hata kidogo. Ndicho kinachonichoma mpaka leo, kwamba ilikuwa kazi fupi vile. Kisha akageuza gari, akaturudisha Mulago kwa mwendo wa maziko, huku mama ananibana mkono kwenye kila tuta.

Waliirudisha nyonga mahali pake, mama akalazwa tena, safari hii kwa majuma mengi. Klabu ilikuja kumwona. Walisimama kuzunguka kitanda, kofia mikononi, wakinukia nyama choma. Mwenyekiti akamshika mume wangu bega, akamwambia mama yangu, mgonjwa, mjane, aliyelala na miguu imetenganishwa kwa mto: "Mama, mshukuru huyu mtoto. Bannange, jamani, dereva mwingine angepindua!" Wenzake wakatikisa vichwa, wakakubali. Waliacha ndizi, na fulana ya klabu, saizi kubwa. Mama aliishika fulana kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaniuliza kama ni pamba. Nikamwambia ni pamba. Siku hizi tunaishikia sufuria ya maharage.

Nesi alikuwa amesema kweli. Mara ya pili haikushika kama ya kwanza. Mama anatembea na fremu ya chuma ya kuegemea, na daktari amemkataza kabisa kupiga magoti, asijaribu hata nyumbani. Kila Jumapili, watu wote wakishuka kwa magoti, yeye anabaki juu peke yake, amekaa kwa kiti. Mikono anaikunja vizuri, macho anayafumba. Mimi siwezi kufumba yangu.

Mume wangu ameacha klabu. Mahali pa pini amefunga nati, akaibana mpaka haifunguki bila fundi. Jumamosi anaosha gari ambalo tayari ni safi. Sitamsifu, na yeye mwenyewe hajaomba sifa, nami namshukuru kwa hilo tu. Ametengeneza ngazi ndogo ya mbao, yenye mkono wa kushikia, na kila Jumapili anaiweka mbele ya mlango wa nyuma, anaishika kwa mikono miwili, mama anapanda, tunakwenda kanisani kilimani tukipitwa na kila mtu.

Lakini kabla hajapanda, mama husimama na fremu yake, hunyoosha shingo, hutazama ndani, mbele, kwenye kioo. Akiona kioo hakina kitu, anapanda.

Jumapili moja, si zamani, alitazama akakawia. Nami nikatazama. Kwenye kioo ilikuwa inaning'inia rosari nyeupe, mpya. Mume wangu alikuwa amechuchumaa ameshika ngazi, na alitabasamu kwa aibu, kama mtu anayengojea kusamehewa.

"Hii ni rosari kweli, mama," akasema. "Nimenunua kwa mlango ya kanisa. Padri amebariki."

"Naona," mama akasema. "Toa."

"Mama, ni ya kwako."

"Toa, baba. Mi nataka nione kioo iko tupu."

Akainuka, akaitoa, akaiweka mfukoni. Akarudi akachuchumaa, akashika ngazi. Mama akatazama tena, kisha akapanda.