Mama wa Kuazima

Nilianza kazi ya kutembeza wageni baada ya kuchoka kufundisha Kiingereza katika shule moja ya binafsi huko Mkolani. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili Nyamagana, juu ya duka la dawa, na biashara yao ilikuwa kupeleka watu Serengeti. Wageni walilala Mwanza usiku mmoja, wakanywa chai, wakaondoka bila kuuona mji. Nikamwambia bosi kwamba mji huu unatembeleka kwa miguu. Akacheka, akasema, "Haya, jaribu. Lakini mzungu hasafiri huku kote kuja kuangalia mitaa."

Nilichukua miezi kuitengeneza ile safari ya saa tatu. Nilizunguka peke yangu na kaunta buku kwapani, nikawauliza wazee mtaa huu ulikuwa nini kabla haujawa hivi, nani alijenga ghorofa lile, kwa nini nyumba za mlimani zimekaa juu ya mawe kama mbuzi. Tulianzia sokoni, tukapanda mlimani mpaka ziwa lionekane lote, tukashuka mpaka mtaa wa Makoroboi. Kituo cha mwisho kilikuwa kibaraza cha duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Hapo ndipo nilipowasimulia wageni habari za mama yangu.

Mama alivuka kutoka Ukerewe akiwa msichana wa miaka kumi na sita, amebeba kichwa cha cherehani ndani ya kanga, bila meza yake. Mke wa mwenye duka alimwona amesimama juani, akamwuliza kama anajua kushona, akamwonyesha pembe ya kibaraza. Mama alikaa pembe ile miaka ishirini na sita, akashona sare za shule za nusu ya mji huu. Siku moja sindano ya cherehani ilimpita kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, ikatokea upande wa pili. Alirudisha gurudumu nyuma kwa mkono, akaitoa, akafunga kidole kwa kipande cha kitambaa cha sare, akamaliza gauni kwa sababu mtoto alikuwa anafungua shule kesho yake. Ukucha ulipasuka katikati na haukuungana tena. Nilipofika hapo wageni walisogea karibu. Wengine walitoa leso.

Ofisini alikuwako kijana mmoja, mdogo wangu kwa miaka kama mitano, msafi, mcheshi, sauti nzuri. Bosi aliniambia nimfundishe. Alitembea nyuma yangu wiki tatu. Aliniita dada, alinibebea mkoba, aliomba kaunta buku langu anakili majina ya mitaa. Nikampa. Sikuona sababu ya kumnyima.

Katika wageni wa mwaka ule alikuja mama mmoja kutoka Granada, mji wa kusini mwa Hispania, ambako naye kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kutembeza wageni kwa miguu, mtu mmoja au familia moja kwa wakati. Siku yake mimi nilikuwa nimelazwa kwa malaria, kijana akamtembeza badala yangu. Nilipopona aliniambia, "Dada, mambo yalikwenda vizuri tu." Baada ya miezi miwili ikaja barua pepe ofisini. Yule mama alikuwa anamwalika Granada kwa siku kumi yule mwongozaji ambaye mama yake alishona kibarazani, aje aone wenzake wanavyofanya kazi, gharama zote juu yake.

Niliisoma barua ile mara mbili nikidhani Kiingereza chake kina kasoro. Kisha nikaelewa. Kijana alikuwa amemsimulia yule mgeni habari za mama yangu kana kwamba ni mama yake.

Nilimfuata bosi. Akasikiliza huku anasaini karatasi. "Sasa dada yangu," akasema, "hadithi ina mwenyewe? Si mnawasimulia wageni tu? Mwalikwa ni yeye, jina lake ndilo limeandikwa."

"Hii siyo hadithi. Ni mama yangu mzazi, yuko Mkolani, mzima."

"Usigombanie safari kama mtoto."

Kijana mwenyewe nilimkuta ngazini. Hakukana. Alinishika bega, akasema, "Dada, ilinitoka tu. Nilianza na 'mama mmoja,' nikaona haguswi. Nitakuletea zawadi." Akaenda Granada. Aliniletea kipepeo cha plastiki cha kujipepea, kilichochorwa maua. Akarudi na mazungumzo ya Granada asubuhi na jioni, na bosi akampa matembezi yote ya mji. Mimi nikawekwa mezani kupokea simu. Kila wiki nilimsikia kutoka dirishani akiwakusanya wageni chini, akiwaambia mwishoni atawapeleka mahali pa mama yake.

Niseme ukweli: sikuomba Mungu anipe moyo wa kusamehe. Niliomba anipe siku.

Siku ilikuja mwaka uliofuata. Yule mama wa Granada aliandika kwamba anakuja tena, safari hii na marafiki zake sita, na anataka wafanye matembezi yale. Simu na barua zilipita mikononi mwangu, kwa hiyo nilijua saa watakayofika Makoroboi kabla kijana hajaijua. Nilimwendea bosi nikamwomba, kwa sauti ya upole, nifuatane nao nibebe maji. Kijana akafurahi. "Vizuri, dada. Jua ni kali, na wale ni watu wazima."

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimwambia mama yangu, "Mama, kesho nina kazi Makoroboi. Siku nyingi hujafika dukani kwa yule bibi aliyekupa pembe. Nitakupeleka asubuhi ukamsalimie, nikukute hapo saa tano." Akafurahi, akatoa kitenge chake kizuri. Sikumwambia neno zaidi ya hilo.

Tulitembea. Nilibeba chupa za maji katika mkoba mgongoni, nikawa wa mwisho kwenye msafara. Nilisikia kaunta buku langu lote likitoka kinywani mwake, neno kwa neno, hata mzaha wangu wa nyumba na mbuzi. Mama wa Granada alinitazama mara moja mbili kwa namna ya kunionea huruma, akidhani mimi ni mchukuzi. Nikamgawia maji.

Tulipofika dukani, mama yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa kibaraza, pembe yake ileile. Yule bibi wa duka, mzee sasa, alikuwa karibu yake, wanakula karanga. Kijana alikuwa hajawahi kumwona mama yangu.

"Shikamoo mama, shikamoo bibi," akawaamkia.

"Marahaba baba," mama akajibu.

Kisha kijana akawageukia wageni, akaanza kwa Kiingereza, na sauti ikashuka kama mimi nilivyokuwa nikishusha yangu. "Hapa," akasema, "kwenye kibaraza hiki, alikaa mama yangu."

Mama yangu hajui Kiingereza. Nikasogea karibu na kiti chake, nikaanza kumfasiria kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Anasema mama yake alikaa hapa. Alikuwa mshonaji. Alitoka Ukerewe."

"Ukerewe?" mama akachangamka. "Wa wapi huko? Alikaa hapa lini? Mbona simkumbuki?"

Kijana alinitazama. Nilimwona akipima, akaamua kuendelea. Alikuwa amezoea kusikilizwa. Akasema mama huyo alivuka na kichwa cha cherehani ndani ya kanga. Nikafasiri. Bibi wa duka akaacha kutafuna. Kijana akasema mke wa mwenye duka alimwonyesha pembe. Nikafasiri. Kijana akaanza kuruka maneno, akitaka kumaliza, lakini mama wa Granada akamkumbusha mwenyewe: "Na kidole? Waambie habari ya kidole."

Kijana akasema habari ya kidole kwa ufupi, huku anaangalia barabarani. Nami nikaifasiri yote, hata aliyoyaacha.

Mama aliniangalia, akamwangalia yeye. Akainua mkono wa kushoto, polepole, akakiangalia kidole chake kama mtu anayehakikisha kwamba bado kipo. Ukucha ule, umegawanyika katikati. Bibi wa duka akasema kwa Kiswahili, "Lakini huyo ni wewe."

"Nilikuzaa lini, baba?" mama yangu akamwuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyesahau jambo na anaomba akumbushwe.

Wageni hawakuelewa maneno, lakini walikiona kidole. Nikavua mkoba wa maji, nikauweka chini, nikasimama pale nilipokuwa nikisimama zamani. Nikawafasiria kwa Kiingereza, taratibu, kama darasani: "Anamwuliza, nilikuzaa lini?"

Mama wa Granada alikuwa amefunika mdomo.

Kijana akanisogelea, jasho limemtoka. "Dada," akasema kwa Kiswahili, chini chini, "tafadhali. Haya tuyamalize sisi wenyewe, kwa lugha yetu."

Nikamjibu kwa Kiingereza, ili wote wasikie. Nikasema huyu ni mama yangu, na kijana alizisikia habari zake nilipokuwa ninamfundisha kazi. Nikasema siku yule mama alipokuja mara ya kwanza mimi nilikuwa hospitali, na barua ya Granada niliisoma mimi. Mama akanivuta sketi. "Imetosha," akasema. "Mwache, ona uso wake." Niliuona vizuri uso wake. Nikaendelea. Nikawaambia habari ya kipepeo cha plastiki.

Kijana alishuka kibarazani akaondoka, hakurudi ofisini kuchukua hata koti lake. Nikamaliza matembezi mimi. Mama wa Granada alipiga magoti mbele ya mama yangu, akakishika kile kidole, akalia, na mama akampigapiga mgongoni akiniangalia juu ya bega lake kwa macho ambayo sikuyapenda.

Jioni, nyumbani, mama alimaliza kukunja kitenge chake kwanza. "Ungeniambia," akasema.

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa. Umenitia kwenye ndoana kama dagaa wa kuvulia sangara." Akaingia ndani. Alikaa siku nne ananijibu salamu tu.

Bosi alinirudishia matembezi yangu. Alisema samahani kwa njia ya watu wakubwa, yaani aliniagizia soda. Kijana alinitumia ujumbe mrefu, na mwingine, na mwingine. Nilizisoma jumbe zote. Sikujibu hata mmoja, na sikuzifuta.

Kilichoniudhi kilitokea baadaye. Jumapili moja nilirudi kutoka kanisani nikamkuta amekaa kwa mama yangu sebuleni, bakuli la samaki aina ya sato mbele yake, anakula ugali. Mama alikuwa anamwongezea mchuzi.

"Amekuja kuomba msamaha," mama akasema. "Kwangu. Jambo lilikuwa langu, na nimemsamehe."

Kijana akainuka. "Dada, shikamo..."

"Kaa ule," nikamwambia. "Umesamehewa na aliyekusamehe." Nikatoka nje, nikakaa kwenye jiwe la nyuma ya nyumba mpaka nikasikia geti. Mama hakunifuata, na hatujawahi kulizungumza tena. Yeye ni mtu wa namna ile, mimi si mtu wa namna ile, na sioni haya kuandika hivyo.

Kijana alipata kibanda cha kuuza chaji na vifuniko vya simu stendi ya Buzuruga. Najua, kwa sababu nilikwenda kuangalia. Sikuwa na safari. Nilipita mbele ya kibanda nimevaa fulana ya ofisi, nikanunua maji kwa jirani yake, nikanywa yote nikiwa nimesimama. Nilifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa na sanduku, kwa sababu ilikuwa siku ya kwenda uwanja wa ndege: mama wa Granada alikuwa ameniandikia mimi, ananialika. Buzuruga haikuwa njia niliyoihitaji. Nilimwambia dereva wa bajaji apitie pale asimame kidogo. Kijana aliliona sanduku. Aliinua mkono, labda kunitakia safari njema. Nikamwambia dereva twende.

Granada ni mji wa vilima, wenye vichochoro vya mawe madogo yaliyopangwa kwa mkono, vyembamba kiasi kwamba ukikutana na punda lazima mmoja wenu arudi nyuma. Mama yule alinitembeza mimi peke yangu, asubuhi nzima. Alinionyesha visima vya zamani vilivyoachwa na Waislamu waliotawala pale, bustani zilizofichwa nyuma ya kuta, dirisha ambalo bibi mmoja hulifungua saa ile ile kila siku kumwagilia maua. Anafanya kazi vizuri. Hasemi mengi, anasimama, anakuacha uone kwanza.

Tulifika kwenye uwanja mdogo ulio juu, ng'ambo ya bonde kuna jumba jekundu la wafalme na nyuma yake milima yenye theluji. Akaona aibu kidogo, akasema, "Mwenzako alikaa hapa, kwenye ukuta huu. Alilia akisimulia habari za mama yake. Nasi tukalia naye." Kisha akauliza, "Siku hizi anafanya nini?"

"Sijui," nikasema.

Nikakaa pale ukutani, pale pale. Upepo ulikuwa baridi na nilikuwa na koti jepesi, lakini sikutaka kuondoka. Nilizifikiria chaji zake zikining'inia kwenye misumari, na vumbi la mabasi likitua juu yake. Mama yule aliniuliza kwa nini natabasamu. Nikamwambia mji wake ni mzuri, na ni kweli, ni mzuri sana.