Pikapu Iliyokataa Gia ya Tatu

Mume wangu alituachia pikapu moja, otomatiki. Kabla sijavua kitambaa cha matanga, ndugu yake alikuwa amekwisha kumpata mnunuzi wa vyuma chakavu. Pikapu ile ilibeba samaki wangu wakavu kutoka Mununga hadi kambi ya wakimbizi ya Mantapala. Bila hiyo ningebaki kungoja chakula cha msaada, na sikutaka.

Kweli ilikuwa mgonjwa. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu injini ilinguruma bure, gari haliongezi mwendo, halafu likaruka kwa kishindo. Hata gia ya nyuma ilichelewa kushika.

Fundi wa Nchelenge, ambaye kazi yake kubwa ni injini za mitumbwi, alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi injini ikiwa imezimwa. "Mama, mafuta iko ya kujaa. Giaboksi ndiyo ilikufa."

"Unasikia, mulamu?" shemeji akaniambia. "Tuuzishe huu muzoga."

"Tuwashe kwanza," nikasema.

Fundi akacheka. "Kupima mafuta na moto ndani? Mama, hii haiko sufuria ya kupikia bukari."

Nilifika darasa la sita tu. Lakini miaka minane nilikaa kushoto kwa mume wangu, na kijiti kile nilikishika mimi. Nikawasha mwenyewe, nikaendesha hadi soko la samaki na kurudi ili mafuta yapate joto. Nikasimama penye tambarare, nikapitisha mkono wa gia kila nafasi, nikaurudisha pa kuegeshea, injini ikizunguka. Nikachomoa kijiti, nikakipangusa, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Ncha ilikuwa kavu. Injini ikizimwa, mafuta hurudi chini na kijiti kinadanganya.

Fundi hakucheka tena. Akaingia chini ya gari. "Mupira wa kupeleka mafuta ku rejeta ipoe, iko inavuja. Nani alifunga hii?"

Ulikuwa umezungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, na juu yake fundo la wavu. Nyavu zetu zote zilifungwa hivyo. Lakini tyubu ikilowa mafuta hulainika na kuachia.

"Mume wangu," nikasema.

Shemeji akanikazia macho. "Unalaumu mutu aliyekufa, na kitambaa ingali ku kichwa?"

"Nilimpenda, na alikosea. Nikidanganya kwa heshima yake, tutasema giaboksi ilikufa, na gari inakwenda kwa watu wa vyuma."

Nikaomba kisu, nikajilaza mchangani, nikalikata fundo lile mwenyewe. Fundi akaweka mpira mpya na mafuta mapya, mekundu.

Asubuhi za baridi gia ya tatu bado huchelewa kidogo. Huenda siku moja itakufa kweli. Basi itakufa mikononi mwangu. Juma lile lile nilipita mbele ya nyumba ya shemeji na magunia ya samaki, kitambaa kichwani. Alikuwa mlangoni. Nikakanyaga mafuta, na gia ya tatu ikaingia.