Mlango Uliobaki Mahameni

Mlango wa mbele wa nyumba ya Febronia, pale Mwankoko, hauna adabu. Ukiusukuma unakwaruza sakafu, ukiuvuta unalia, na kona yake ya juu imepinda hata mkono wa mtoto unapita. Kila fundi anayeingia kunywa chai humwambia, "Mama, nipe nusu saa tu na randa yangu." Febronia humwongezea chai, akamwambia auache ulivyo. Jibu hilo huwashangaza wanaojua kwamba alilelewa na marehemu Antipasi, seremala aliyesifika hadi Misigiri. Nao wasione haya kushangaa, maana yeye mwenyewe alishangaa miaka na miaka.

Febronia alizaliwa na maswali mdomoni. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Baba yake, Alute, mtoto pekee wa Antipasi, aliondoka mwaka 1968, ikasemwa yuko Tanga kwenye mkonge. Mtoto akabaki na babu na bibi. Antipasi akawa anamwita "mke wangu mdogo," Bibi Theresia akimwita "mke mwenzangu," na utani huo ukampa ruhusa ya kushinda karakanani akiuliza mpaka watu wazima waombe maji.

Na kwa Antipasi ya kuuliza yalikuwepo. Useremala alijifunza misheni, na baada ya Uhuru alitengeneza madawati ya shule mpaka akayaota, lakini jina lake lilikuwa kwenye milango. Hakuamini futi peke yake. Alimtwika mama mwenye nyumba mtungi wa maji, akamwambia aingie na kutoka mara tatu, ndipo akachora mstari. "Mlango si wa nyumba," alisema, "ni wa shingo ya mwanamke." Mbao aliinusa kabla ya kuikata. Pua yake ndiyo iliyotoa hukumu kama imekauka au bado mbichi, na hakuna aliyethubutu kubishana na pua ile. Kisha vipande viwili vya kuunganishwa alivitia alama kwa patasi, mikato mitatu hapa na mikato mitatu pale, ili kila kipande kimtambue mwenzake.

Sasa mtu kama huyo, nyumbani kwake mwenyewe, alikuwa na mlango uliopinda! Majirani walicheka wakisema mganga hajigangi. Febronia alipomuuliza bibi sababu, aliambiwa, "Kamuulize mumeo." Alipomuuliza mumewe, mumewe akaanza kunoa msumeno.

Mwaka 1974 ikaja amri ya kuhamia vijijini. Watu walishusha paa za tembe zao, wakabeba nguzo, maboriti na milango. Siku nzima milango ya Antipasi ilipita njiani vichwani mwa wenyewe. Antipasi naye alishusha paa lake, akabeba kila kijiti, ila mlango akauacha umesimama. Nyumba mpya ikajengwa kwenye mstari pamoja na za wenzake, ikatiwa miimo mizuri ya mninga, na katikati ya miimo hiyo likaning'inizwa gunia.

Lilikaa mwezi, likakaa masika, likakaa mwaka. Mbuzi waliingia na kutoka walivyotaka. Balozi wa nyumba kumi, kijana aitwaye Bonifasi, akashindwa kuvumilia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee Antipasi, milango yote ya mstari huu umeiweka wewe. Wageni wakija kukagua kijiji wanakuta gunia kwa fundi. Wa kwako lini?"

"Upo njiani," alisema Antipasi, akaendelea na kazi yake.

Febronia akalishika neno hilo. Njia gani hiyo, na unatembea kwa miguu ipi? Tena kulikuwa na jambo jingine. Kila mwezi babu alichukua patasi na kichupa cha mafuta ya nyonyo, akasema anakwenda kutazama mizinga yake ya nyuki, akarudi jioni bila asali wala uvimbe hata mmoja. Mtoto akavumilia safari nne. Ya tano akamfuata kwa mbali, asubuhi, upepo ukimpiga usoni, akijificha nyuma ya mawe.

Babu hakwenda kwenye mizinga. Alikwenda mahameni, kule walikohama. Kuta za nyumba yao zilikuwa zimeshayeyuka kwa mvua, zimebaki vichuguu, na pale katikati ulisimama ule mlango uliopinda, peke yake kwenye miimo iliyochimbiwa chini, ukimfungia nani sijui. Antipasi alitia mafuta bawaba, akaufungua, akaufunga, akapapasa alama juu yake. Febronia akacheka, hakuweza kujizuia.

Babu hakugomba. Alikaa kwenye kichuguu cha ukuta, akamwita.

"Njoo, mke wangu mdogo. Leo uliza."

"Huu mlango nani kaupinda?"

"Aliutengeneza baba yako."

Ndipo akasimulia. Mlango ule Alute aliutengeneza kwa ajili ya Mzee Gaspari, rafiki wa nyumba. Miezi miwili baada ya kufungwa ukapinda, Gaspari akaurudisha akiwa na mkewe na majirani. Antipasi akafedheheka. Mbele ya watu wote akamwambia mwanawe kwamba hata zizi la mbuzi asilishike. Alute aliweka randa chini taratibu, akamuaga mama yake, akaondoka.

"Baadaye nikakata mbao nyingine ya gogo lile lile," babu alisema. "Nayo ikapinda. Mbao zile alinipa mimi nizinuse, Febronia. Niliyesema zimekauka ni mimi."

Akafuta uso kwa kiganja. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema, lakini aliyemwaga haruhusiwi kusahau. Ndiyo maana aliutia mlango ule nyumbani kwake, umkwaruzie asubuhi na jioni.

"Sasa kwa nini tumeuacha huku?"

"Baba yako hajui kusoma, nami sijui kuandika. Tena ana kiburi changu. Akirudi akikuta mahame hatauliza mtu, atasema tumemhama. Lakini mlango wake ataujua." Akamwonyesha mikato mitatu mipya, mmoja mrefu kuliko wenzake, ukielekea kule kilipo kijiji. "Na atajua kwamba mwenzake wa mikato mitatu yupo mahali."

Febronia alirudi nyumbani akaitazama miimo yao pembeni mwa gunia. Mikato mitatu ilikuwepo, mwaka mzima, machoni pake. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akitazama njia kuliko mtu yeyote, na usiku aliomba Mungu asilete mvua kali ikauangusha ule mlango.

Mwaka 1976, baada ya mavuno ya uwele, mwanamume mmoja aliingia kijijini akiwa amebeba mlango mgongoni. Hakumwuliza mtu. Alipita mstari wa kwanza akitazama miimo ya nyumba moja moja, wanawake wakimcheka, akaingia mstari wa pili, akasimama mbele ya gunia. Alipapasa mikato mitatu kwa kidole. Bibi Theresia alipiga kigelegele.

Antipasi alitoka na vumbi la mbao kichwani. Alute akautua mlango.

"Shikamoo, baba."

Babu hakuitikia. Alimwambia Febronia akimbie akamwite Mzee Gaspari na mkewe, na yeyote aliyekuwepo siku ile. Watu wakaja, wakajaa uwanjani, Alute kasimama ameinamisha kichwa kama anayesubiri kutukanwa mara ya pili.

"Niliyasema mbele yenu," Antipasi alianza, "basi nayafuta mbele yenu. Mbao ya mlango huu ilikuwa mbichi. Aliyesema imekauka si Alute, ni mimi. Mwanangu, nisamehe. Marahaba."

Alute aliinua macho, yakiwa yamejaa machozi.

"Nilijua, baba. Siku ile ile nilijua. Nilipoipiga randa niliisikia harufu."

Watu wakatazamana. Febronia, ambaye hakuwa amemwona baba yake tangu aanze kujua kuona, alisahau hata kumwamkia. Alijipenyeza katikati ya wazee akasimama mbele yake.

"Sasa kwa nini hukusema?"

Alute alimtazama kwa muda, kama anayepima, akachuchumaa mpaka nyuso zao zikalingana.

"Mbele ya watu, mwanangu?" alisema. "Baba yangu?"